Mombasa kwa Saa ya Mbaazi

"Zishakwisha, mwanangu. Njoo kesho mapema."

Hayo niliambiwa na mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria tupu kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa, saa nne kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kutoka Dar es Salaam. Mkononi nilikuwa na jedwali nililolichapa kazini kwa wino wa mwajiri (Mungu anisamehe), lenye vituo kumi na vinne vya kutembelea kwa siku mbili, kila kimoja na dakika zake. Mbaazi na mahamri nilikuwa nimeziweka mstari wa sita: "4:00–4:30, kifungua kinywa cha asili." Kesho yake saa nne nilikuwa ndani ya basi, narudi.

Safari ile sikula mbaazi. Viazi karai nilivitafuta saa sita mchana, jua la utosi, nikaishia kuulizwa kwa upole kama mimi ni mgeni. Biriani niliikuta imebaki ukoko. Nilirudi Dar na picha mia mbili za milango ya kuchonga, na hamu ambayo haikuniisha mwaka mzima.

Kwa hiyo nilipoanza kupanga safari ya pili, siku tatu za mwezi wa Agosti, sikukimbilia intaneti. Nilimpigia simu rafiki yangu niliyesoma naye chuo, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, nikamuuliza: "Hivi kwenu kila kitu kinaliwa saa ngapi?" Akacheka sana. Halafu akaniambia nitafute kalamu.

Mbaazi na mahamri ni tangu saa kumi na mbili alfajiri, na ukifika baada ya saa mbili usimlaumu mtu. Mchana ni wali wa nazi, samaki wa kupaka, pilau. Biriani ipo siku nyingi lakini Ijumaa baada ya swala ndiyo yenyewe, ukichelewa unakuta wenzako wanachokonoa meno. Saa nane hadi saa kumi kasoro usitafute kitu, mji umelala, na wewe kalale. Alasiri mafuta yanawekwa motoni: viazi karai, bajia, katlesi, kachri. Magharibi ikishaingia ni mishkaki, pweza na muhogo wa kuchoma. Baada ya isha ni kahawa. "Hapo ndipo utapewa habari zote za mji," akasema, "za kweli na za uongo."

Nikafungua daftari, nikapiga mistari. Juu nikaandika saa, kuanzia kumi na mbili asubuhi mpaka nne usiku. Vyakula vikaingia kwanza kwenye nafasi zao. Ngome, misikiti, masoko na bahari nikavichomeka kwenye mapengo yaliyobaki. Ngome ina zaidi ya miaka mia nne imekaa pale pale, itanisubiri. Sufuria la mbaazi halimsubiri mtu.

Ukishaanza kufikiri kwa saa, utajikuta unafikiri kwa mwezi na kwa upepo pia. Masika nililikwepa; Mei pwani ile hupigwa mvua mpaka vichochoro vinakuwa mito. Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, joto lake linamtoa mtu jasho akiwa amekaa tu, na Desemba yenyewe watu wa bara la Kenya wanashuka pwani na watoto wao, bei za vyumba zinapanda. Agosti ni kusi, kuna upepo, usiku unaweza hata kujifunika shuka. Ramadhani nayo nilihakikisha haiangukii hapo. Si kwamba Ramadhani ni mbaya kwa msafiri, la. Usiku wa Ramadhani Mji wa Kale unakuwa kama harusi. Lakini saa zote zinageuka, na daftari langu lingekuwa halina kazi.

Hata mbalamwezi niliitazama. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvua: maji yanakupwa mbali sana, na kwenye pwani yetu hii hupwa hasa asubuhi saa za kati, nne na tano. Ukienda kuogelea saa hizo unakuta miamba, mwani na watoto wanaokota kaa. Nikachagua wikiendi ya nusu mwezi, wakati wa maji mafu, ili Jumapili saa nne maji yawe yamejaa. Nilijiona fundi. Nitawaambia hesabu hiyo iliishia wapi.

Mwenzangu wa safari alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi Tanga. Sikumwalika hasa. Nilimpigia kumsalimia, nikamtajia kwamba nitapita Tanga nikielekea Mombasa kula mbaazi, akanyamaza kidogo. "Unapita Tanga," akasema, "unakwenda kula mbaazi Mombasa." Nikajua nimekosea. Kwa mtu wa Tanga huo ni ugomvi. Nikamwambia twende wote akanionyeshe kasoro zake, akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Mama mdogo ana miaka sitini na tatu na magoti mabovu. Hilo lilibadilisha daftari kuliko mvua na mwezi. Sehemu mbili za matembezi zikawa moja. Kila baada ya saa nzima nikaweka kituo cha kukaa. Haller Park kule Bamburi, yale machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu tangu 1971, nikaifuta; nimeambiwa ni pazuri, lakini ni nje ya kisiwa na magoti yana bajeti yake.

Makaratasi ni jambo dogo ila watu hulisahau. Mtanzania haombi viza kuingia Kenya, lakini kitambulisho cha taifa peke yake hakimvushi; awe na pasipoti au hati ya dharura ya safari. Mama mdogo pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda, akachukua hati Uhamiaji pale Tanga. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano tulibeba. Mifuko ya plastiki tuliiacha nyumbani: Kenya waliipiga marufuku 2017, sisi 2019, kwa hiyo kisingizio cha ugeni hakuna. Fedha nilibadilisha kiasi, na kichwani nilikuwa nazidisha kwa ishirini, hesabu ya jumla inayomtosha mtu wa kununua bajia. Kenya kila kibanda kina namba ya kulipia kwa simu, lakini mgeni mwenye laini ya nyumbani atembee na noti ndogo ndogo. Mwenye karai la mafuta hana muda wa kukutafutia chenji ya elfu.

Alhamisi nikalala Tanga. Ijumaa tukapanda basi alfajiri, kwa mpango wa kufika Mombasa saa sita, tuwahi ile biriani ya Ijumaa. Kutoka Tanga hadi mpakani Horohoro ni kilomita 65 za lami nzuri, na kutoka Lungalunga, upande wa Kenya, hadi kwenye feri ya Likoni ni kama mia nyingine. Mama mdogo alibeba kikapu cha machungwa ya Muheza, tukayamaliza kabla ya mpaka, nusu akawagawia abiria. Pale Horohoro mambo ni mepesi siku hizi. Unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, upande wa nchi unayoingia.

Basi lilikufa kabla ya Ukunda. Lilikohoa mara mbili, likasimama chini ya mnazi, kondakta akashuka na kuanza kuongea na simu huku akituonyesha kiganja, ile ishara ya "subirini". Tulisubiri saa mbili na nusu. Saa saba ikapita, nikaitazama kwenye daftari, biriani ikiwa imezungushiwa duara mara tatu. Mama mdogo alitandika kanga chini ya mnazi akalala usingizi wa haki kabisa.

Likoni tulifika saa tisa unusu.

Ushauri wangu kwa anayetoka Tanzania ni huu: ingia Mombasa kwa njia hii hii, hata ukiwa na nauli ya ndege. Unafika ukingoni, mji uko ng'ambo, na kati yenu kuna maji ya Kilindini na meli ya mizigo inapita juu kama ghorofa linalotembea. Tulishuka kwenye basi tukaingia kwenye feri kwa miguu. Mama mdogo alikuwa ameshika shilingi mkononi tayari, kwa mazoea ya kivuko cha Kigamboni kule Dar, ambako hata mwenda kwa miguu analipa mia mbili. Hapa anayevuka kwa miguu halipi. Akanitazama kama nimemdanganya. "Bure? Na wanarudisha bure?" Ndani ya feri ni baiskeli, mikokoteni ya mbao, wanafunzi, mabuibui yanapepea, muuza korosho anapenya. Dakika chache tu umefika, na umati unapanda mlima kama siafu. Magoti yalilalamika hapo.

Juu pale tukachukua bajaji, ambayo kule ni tuktuk, na ukisema bajaji wanakuelewa lakini wanatabasamu. Dereva akashika barabara iliyoandikwa Nyerere Avenue. Mama mdogo alipokiona kibao aliketi wima. "Kumbe tuko nyumbani," akasema, akaanza kumpunguza bei dereva upya.

Sasa chumba. Nilikiona mtandaoni, picha ina dirisha, na ndani ya dirisha kuna bahari. Jina la nyumba hiyo nalihifadhi. Dirisha lilikuwepo. Ukilifungua unaona jenereta. Ukipanda kitandani, ukasimama, ukaegemea ukuta wa kushoto, kweli unaona kipande cha maji cha ukubwa wa sahani. Mwenye nyumba alituonyesha mwenyewe, bila aibu, jinsi ya kuegemea. Safari ijayo nitamwomba mtu anayeishi jirani anitazamie, ama nitampigia mwenye nyumba anitumie video fupi akitembea kutoka mlangoni mpaka dirishani. Picha moja haitoshi kulipia usiku mbili.

Lakini ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na daftari lilinikumbusha kitu ambacho bila lenyewe nisingekijua: ilikuwa saa ya karai. Biriani ilishapita, basi, hatukwenda kuikimbilia na kulamba ukoko wake. Tulitoka moja kwa moja hadi kona aliyonielekeza rafiki yangu.

Viazi karai, kwa asiyevijua: kiazi kinachemshwa mpaka kiive lakini kisivunjike, kinakatwa, kinatumbukizwa kwenye uji mzito wa unga wenye rangi ya manjano na chumvi, kisha kwenye karai la mafuta yanayochemka. Fundi tuliyemkuta hakutumia kijiko kuchovya. Alitumia vidole vitatu, akikidondosha kila kiazi karibu kabisa na mafuta ili yasiruke, na kile kiunga kilichomchuruzika vidoleni alikikung'utia juu ya karai, kikageuka vipande vidogo vya kukauka vinavyoelea. Vile vipande alivichota mwishoni akavinyunyizia juu ya sahani bila kumtoza mtu. Halafu ukwaju. Si ukwaju wa chupa. Chatini nzito, ina pilipili na kitu kingine ambacho mama mdogo alitumia dakika tano kukitafuta kwa ulimi. Alikula vinne. Kisha akasema kwamba Tanga vinakuwa vikubwa zaidi.

"Muna ndaa bado?" yule fundi akatuuliza. Nikababaika. Mama mdogo ndiye aliyejibu, kwa sababu ana masikio ya kizamani. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, pale penye "j" yetu ya "njaa" wao huweka "d", na penye "ch" mara nyingi huweka "t". Njaa ni ndaa, njia ni ndia, chungu ni tungu. Ndiyo maana barabara kongwe ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Mimi safari ya kwanza nilidhani aliyeandika kibao amekosea, nikapiga picha ya kosa lake. Mgeni wa Kiswahili anapofika Mombasa ana raha moja ambayo Mzungu haipati: anaelewa kila kitu, na bado kila kitu kinamshtua kidogo. Mkate ni boflo. Kanga ni leso. Ubuyu wa rangi nyekundu ni mabuyu, na mtoto aliyetuuzia alikuwa na ulimi mwekundu kama ushahidi.

Jumamosi niliamka saa kumi na moja, kabla ya simu kuita. Jenereta lilisaidia. Tukatembea polepole hadi kwa yule mama wa sufuria, nikiwa na hofu ya kweli kwamba hayupo, amehama, au amefariki. Alikuwepo. Saa kumi na mbili na robo, sufuria limejaa mpaka shingoni, na foleni ya watu saba, nusu yao watoto wenye bakuli za nyumbani.

Mbaazi zilikuwa zimeiva kwa namna ambayo kila punje iko nzima lakini ukiigusa inaachia. Tui zito limeganda juu kidogo, kitunguu kimeyeyuka humo, pilipili nzima inaelea haijapasuka. Hamri lilikuwa na pembe tatu, limevimba, ndani uwazi mtupu, na ukilichana linatoa mvuke wenye harufu ya iliki. Unachana, unachota, unakula kwa mkono, kimya. Mama mdogo hakusema neno kwa sahani nzima. Nilimtazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alipomaliza akamgeukia mwenye sufuria.

"Tui la kwanza unalitia mwisho?"

"Mwisho kabisa, nishaepua."

"Na mahamri umeyaumua kwa tui au kwa maji?"

"Kwa tui, mamangu. Kwa maji itakuwa mkate."

Wakaendelea hivyo robo saa, na mimi sikuhitajika tena. Mwishowe mama mdogo aliagiza sahani ya pili, "ili nihakikishe."

Saa mbili tulikuwa mlangoni kwa Fort Jesus, asubuhi kungali na kivuli. Wareno walianza kuijenga 1593 na kuimaliza 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukipita Likoni huioni. Imekaa upande wa bandari ya kale, kuta zake zimepanda juu ya mwamba wa matumbawe mpaka huoni mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi. Mimi nilipanda ngazi za kuta. Mama mdogo alikaa kwenye benchi chini ya mti akatumia mbinu yake: kila kiongozi wa wageni aliyepita karibu na kundi lake, alisikiliza. Niliposhuka alikuwa anajua mengi kuliko mimi.

Kilichomshika ni kuzingirwa. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani walijifungia Wareno pamoja na watu wa hapa waliokuwa upande wao, na waliowamaliza zaidi ni maradhi na njaa kuliko risasi. Meli ya kivita iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo mbele ya ngome 1697. Vitu vyake vilikuja kuopolewa na wapiga mbizi miaka ya sabini ya karne iliyopita, na vingine vimo kwenye makumbusho humo humo ndani. Mama mdogo alihesabu kwa vidole. "Miezi thelathini na tatu," akasema. "Na harufu ya mji inawafikia. Ngome na jiko la mtu ni hatua ngapi pale?" Sikuwa nimewahi kuiwaza vita kwa upande huo. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, tangu 1895 hadi 1958, na hapo pia alitikisa kichwa kwa sababu ile ile.

Kutoka ngomeni tukafuata Ndia Kuu. Mji wa Kale haudai kiongozi, unadai viatu vya raba na kutokuwa na haraka. Roshani za mbao zinakaribia kugusana juu ya kichwa chako. Msikiti wa Mandhry, unaosemwa ni wa 1570, una mnara wa mviringo uliochongoka juu kama kidole, umepakwa chokaa; sisi tuliutazama kwa nje. Kuna milango mingine imetengenezwa vizuri na mingine inaoza mbele ya macho ya watu, na nyumba zenye matangazo ya kuuzwa. Sikupiga picha hata moja ya mlango. Nilikuwa nazo mia mbili.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa kupaka na wali wa nazi, kizuri, sina zaidi. Saa nane tulilala kama mji.

Alasiri ilikuwa ya Marikiti na leso. Marikiti ni lile soko kuu ambalo zamani liliitwa Mackinnon Market. Neno "market" watu walishalitafuna wakaligeuza lao, na jina la Mackinnon likadondoka lenyewe. Nje yake ndiko kwenye viungo, na ukikaa dakika kumi nguo zako zinanukia bizari mpaka Dar. Nilinunua iliki na pilipili manga, mama mdogo akanunua kwa nusu ya bei yangu kutoka kwa muuzaji yule yule. Mtaa wa Biashara alikaa saa nzima na robo. Leso huchaguliwa kwa kusomwa, si kwa kutazamwa. Alisoma zote. "Wema hauozi" aliirudisha kwa kuwa anazo mbili tayari, na nyingine yenye maneno makali aliinunua bila kunieleza inamhusu jirani gani. Fundi aliyekaa na cherehani mbele ya duka akazikata jora na kuzipinda pindo pale pale, sisi tumesimama.

Saa kumi na mbili kasoro tuktuk ikatupeleka Mama Ngina, tukipita chini ya zile pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo ni za alumini, ndizo zipo kwenye kila kalenda. Mama Ngina ni ukingo wa bahari wenye mibuyu mikubwa, ulitengenezwa upya 2019 ukawekwa viti na njia za miguu. Familia nzima nzima zinakuja na kutandika. Hapa ndipo mlango wa bandari ulipo, na meli zinazoingia Kilindini zinapita karibu kiasi kwamba mtoto mmoja jirani yetu alikuwa anawapungia mabaharia na mmoja akampungia. Muhogo wa kuchoma unapasuliwa katikati, unapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Dafu. Kachri za muhogo kwenye karatasi. Adhana ya magharibi ikaanza msikiti mmoja, mwingine ukaidaka, mpaka kisiwa chote.

Usiku, kahawa. Muuzaji ana birika refu la shaba juu ya makaa, na vikombe visivyo na mkono anavigonganisha ili umsikie kabla hujamwona. "Tungu au ya tangawizi?" Tungu. Kashata mkononi. Wazee watatu kwenye baraza walikuwa wanabishana juu ya nani aliuasisi mji, Mwana Mkisi au Shehe Mvita, kana kwamba ni mechi ya jana. Mama mdogo aliwasikiliza kidogo, halafu akawaambia kwamba Tanga wanajua jibu. Wakampisha akae.

Jumapili sasa. Maji mafu, bahari imejaa saa nne kama nilivyopiga hesabu, taulo nimelibeba kutoka Dar. Mama mdogo alikuwa amekaa kitandani, amevaa, anafunga mkoba.

"Bahari yenyewe ni hii hii ya Raskazone kwetu Tanga," akasema. "Twende kwa yule mama kabla hazijaisha."

Daftari langu lilikuwa na mstari mzima wa bahari, saa nne hadi saa sita, wenye mchoro mdogo wa mwezi. Niliukata kwa kalamu. Saa moja kasorobo tulikuwa kwenye foleni.

Tulivuka Likoni saa tano, tukapata basi zima lisilokohoa, na saa tisa tulikuwa Horohoro. Afisa wa kukagua mizigo aliutazama mkoba wa mama mdogo, ambao ulikuwa umevimba na kulowa mafuta kwenye kona moja.

"Mama umebeba nini humo?"

"Mahamri."

"Mangapi?"

"Thelathini."

Afisa akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

"Unatoka Tanga," akasema yule afisa polepole, "unakwenda kununua mahamri Mombasa?"

Mama mdogo akafunga zipu. "Ni ya kuwaonyesha majirani," akasema, "waone tofauti."